Ruta za nyumbani na IPv6: anza na laini yako ndipo uchague ruta

Karibu kila ruta ya nyumbani inayouzwa siku hizi imeandikwa IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti, kwenye boksi. Maandishi hayo si ya uongo, ila hayakusaidii kuchagua. Ruta moja huandikwa hivyo kwa sababu tu ina ukurasa wa mipangilio wenye jina hilo. Nyingine huomba fungu la anwani kwa mtoa huduma, ikaligawa kati ya mtandao wa familia na wa wageni, ikaulinda kila mmoja, na bado ikakuachia ufungue njia ya kukifikia kifaa kimoja unachokitaka wewe. Boksi zote mbili zina maandishi yaleyale, na anayelinganisha kwa kusoma boksi anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapa nalinganisha ruta anayokupa mtoa huduma, ruta za kawaida za dukani kama TP-Link Archer na ASUS, ruta za meshi (vifaa kadhaa vinavyosambaza Wi-Fi moja) zinazoendeshwa kwa simu kama eero, Google Nest Wifi na Deco, FRITZ!Box ya Ujerumani, na mwisho MikroTik na OpenWrt (programu huria unayoiweka kwenye ruta), ambazo ni za wanaopenda kushika usukani wenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema: aina ya IPv6 inayokuja kwenye laini yako ndiyo inayoamua, na chapa ya ruta inafuata. Hakuna ruta inayoweza kukupa kitu ambacho mtoa huduma hajakileta.

Kwa nini usilipuuze jambo hili

IPv4 tunayoitumia hadi leo ilisanifiwa mwaka 1981 kwa anwani za biti 32, yaani takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Tarehe 3 Februari 2011 IANA, wenye hazina kuu ya anwani, waligawa mafungu makubwa matano ya mwisho kwa asasi tano za kanda. RIPE NCC, asasi inayohudumia Ulaya, ilimaliza akiba yake tarehe 25 Novemba 2019. Mtoa huduma anayeongeza wateja sasa ama anunue anwani kwa wenye nazo, ama aweke wateja wengi nyuma ya anwani moja. Njia hiyo ya pili inaitwa CGNAT, na ni kama wapangaji wa jengo zima kutumia sanduku moja la posta: barua zenu zinatoka bila shida, lakini mtu wa nje hana namna ya kumwandikia mpangaji mmoja moja kwa moja.

Kujua kama uko humo ni kazi ya dakika moja. Ingia kwenye ukurasa wa hali ya ruta, utafute anwani ya upande wa nje, ule unaoandikwa WAN au Internet. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT; safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikianza na 10 au 192.168, mara nyingi kuna ruta nyingine mbele yako, pengine ni modemu yako mwenyewe inayofanya kazi ya ruta bila wewe kujua. Kwenye CGNAT, kufungua poti (mlango wenye namba wa kukifikia kifaa kutoka nje) kwenye ruta ni kujisumbua bure. Kamera ya mlangoni, seva ya picha za familia, mchezo unaotaka wachezaji waunganishwe moja kwa moja: vyote hivyo havifikiki kutoka nje kwa IPv4 hata ukinunua ruta ya kifahari kuliko zote. Kwa IPv6 vinafikika, kwa sharti kwamba ruta inajua kazi yake.

Na hili si suala la miaka ijayo. Kwa takwimu ambazo Google huzichapisha, zaidi ya asilimia 40 ya wanaoitumia duniani wanaingia kwa IPv6, na Ufaransa, Ujerumani na India zimeshavuka nusu.

Ulizia laini kabla ya kuulizia ruta

Mpigie mtoa huduma umuulize mambo mawili: mnatoa IPv6 kwa njia gani, na mnanipa fungu la ukubwa gani? Anayepokea simu huenda asijue. Omba uunganishwe na fundi, kwa sababu majibu hayo mawili yanaondoa nusu ya ruta kwenye orodha yako.

Jibu jepesi kuliko yote ni kwamba unapewa IPv4 na IPv6 sambamba kwenye laini moja. Hapo karibu ruta yoyote ya miaka ya karibuni itafanya kazi, na unaweza kuruka hadi sehemu ya fungu na ngome (firewall) hapo chini.

Ugumu unaanza pale mtoa huduma anapojenga mtandao wa IPv6 mtupu, kisha IPv4 ikapitishwa ndani yake. Njia ni kadhaa, na ruta isiyoijua ile inayotumika kwako haikufai hata iwe nzuri namna gani. DS-Lite, iliyoandikwa kuwa kiwango mwaka 2011, inaifunga pakiti (kipande cha data) ya IPv4 ndani ya pakiti ya IPv6 na kuipeleka kwenye mtambo wa mtoa huduma, ambako ndiko CGNAT inakofanyika. Njia hii imeenea Ujerumani. MAP-E na MAP-T za mwaka 2015 zinagawa poti za anwani moja ya IPv4 kwa nyumba kadhaa, na kila ruta inafanya NAT yake, yaani kuvitoa nje vifaa vingi kwa anwani moja, ndani ya poti ilizopewa. MAP-E inatumika sana Ujapani, ndiyo maana ruta za Buffalo na NEC zinazouzwa huko zinaifahamu, na ruta ya daraja lilelile iliyotengenezwa kwa masoko mengine inaweza isiwe nayo kabisa. 464XLAT ya mwaka 2013 utaikuta zaidi kwenye mitandao ya simu. Halafu kuna 6rd, inayofanya kinyume chake: inapitisha IPv6 ndani ya mtandao wa IPv4. Kampuni ya Free ya Ufaransa iliisambaza kwa wateja wake mwaka 2007 ndani ya wiki tano, na hadi leo wapo watoa huduma wanaoitegemea.

Dalili ya ruta isiyoendana na laini ya DS-Lite au MAP huwachanganya watu wengi. Google inafunguka, YouTube inacheza, ila tovuti ya benki au ya shule imegoma. Mtu anadhani tovuti imeanguka, kumbe upande wa IPv6 unafanya kazi na upande wa IPv4 haupo. Ukiona tovuti kubwa zote zinafunguka na ndogo nyingi zinagoma mara tu baada ya kubadilisha ruta, usiilaumu Wi-Fi.

Tahadhari moja hapa: ruta ambayo njia yake pekee ya IPv6 inaitwa 6to4 iache dukani. Ile ni njia ya mwaka 2001, na mwaka 2015 IETF, asasi inayoandika viwango vya intaneti, ilielekeza kwamba vituo vya pamoja vilivyokuwa vinaitegemeza viachwe.

Fungu, mahali ambapo ruta hutengana

Kwenye IPv6 nyumba haipewi anwani moja, inapewa fungu. Ruta huliomba kwa utaratibu unaoitwa DHCPv6-PD, na mtoa huduma mwema hukupa /56 au hata /48 (namba ikiwa ndogo, fungu ni kubwa). Tuseme ukurasa wa hali ya ruta unaonyesha hivi:

2001:db8:40:5a00::/56

Kutokana na fungu hilo, ruta inaweza kuupa mtandao wa familia 2001:db8:40:5a00::/64, mtandao wa wageni ukapata 5a01, vifaa vya nyumba kama taa na kamera vikapata 5a02, na kuendelea hadi 5aff. Hiyo ni mitandao 256. Fungu la /60 linakupa mitandao 16. Fungu la /64 linakupa mmoja tu, kwa sababu vifaa hujitengenezea nusu ya nyuma ya anwani vyenyewe na huhitaji biti zote 64 kwa kazi hiyo. Huwezi kuikata zaidi bila kuvivuruga.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Ruta nyingi za dukani hupokea /56 nzima, zikatumia kipande cha kwanza kwa mtandao mkuu, na mtandao wa wageni ukabaki na IPv4 peke yake. Fungu lipo, hakuna anayeligawa. Hutaliona hili kwenye boksi wala kwenye orodha ya sifa. Ungana na mtandao wa wageni kwa simu, tazama anwani zake: ikiwa una anwani ya fe80 tu, hiyo haitoki nje ya nyumba, na wageni hawana IPv6. Inayotoka nje huanza na 2 au 3.

Swali la pili la fungu linawahusu wenye ruta mbili. Je, ruta ya mbele inaweza kumegea ruta ya nyuma sehemu ya fungu? FRITZ!Box na OpenWrt zinaweza. Ruta nyingi za watoa huduma haziwezi, na ukiweka ruta yako nyuma yake inakaa ikiomba fungu bila kujibiwa.

La tatu ni pale fungu linapobadilika. Watoa huduma wengine hukupa fungu jipya kila laini inapokatika. Ruta nzuri huvitangazia vifaa kwamba anwani za zamani zimekufa. Ruta mbovu hukaa kimya, na simu na kompyuta zikaendelea kujaribu anwani zisizo na kitu hadi muda wake uishe. Mwaka 2021 IETF ilitoa mwongozo wa namna ruta inavyopaswa kulishughulikia hili, RFC 9096, na mtengenezaji anayeutaja kwenye maelezo ya sasisho lake anastahili imani yako zaidi.

Jambo dogo ambalo wengi hulikosea wakiwa ndani ya mipangilio: simu za Android hazichukui anwani moja moja kutoka seva ya DHCPv6 kama kompyuta zinavyofanya. Zinategemea SLAAC, njia ya kifaa kujitengenezea anwani chenyewe. Ruta ikikupa hiari kati ya hizo mbili, chagua SLAAC au zote kwa pamoja, la sivyo kompyuta zitapata IPv6 na simu zitabaki bila.

Ngome

Tumezoea kwamba NAT inavificha vifaa vya nyumbani. Haikuundwa kuwa ulinzi, lakini kwa kuwa mtu wa nje hakuwa na anwani ya printa yako, hakuweza kuigusa. Kwenye IPv6 printa ina anwani yake kamili inayofahamika duniani kote. Hilo halina hatari ikiwa ngome ya ruta inakataa kila mawasiliano ambayo hayakuanzishwa kutoka ndani. Ni hatari kubwa ikiwa haipo.

Kwa uzoefu wa kutazama menyu za ruta, naziona katika daraja tatu. Ya chini kabisa haichuji IPv6 hata kidogo, usiikaribishe nyumbani. Ya kati inafunga kila kitu na inakupa swichi moja: funga vyote au fungua vyote. Hiyo inamtosha anayetumia intaneti kusoma, kutazama na kupiga simu za video. Ya juu inafunga vyote lakini inakuruhusu kufungua poti fulani kwa kifaa fulani. Kama sababu yako ya kutaka IPv6 ni kuifikia kamera au seva ukiwa mbali, usishuke chini ya daraja hili.

Hata ndani ya daraja la juu kuna tofauti ambayo mimi naipa uzito. Fungu likibadilika, sheria ya ngome iliyoandikwa kwa anwani nzima inakufa nalo. Ruta iliyofikiriwa vizuri hukumbuka nusu ya nyuma ya anwani tu, ile ya kifaa, na kuibandika kwenye fungu lolote jipya. FRITZ!Box hufanya hivyo unapochagua kifaa kwa jina lake. OpenWrt inakuruhusu kuandika sheria yenye alama ya /-64 mwishoni, ikimaanisha tazama biti 64 za nyuma, hizo za mbele ziache. Ruta nyingi za dukani zinataka uandike anwani nzima, na utarudi kuirekebisha kila laini inapokatika.

Kuna hali ya mipangilio inayoitwa Passthrough, ipo kwenye ASUS, TP-Link na nyingine. Inavutia kwa sababu mara nyingi IPv6 inafanya kazi papo hapo ukiiwasha. Inafanya kazi kwa kuipitisha IPv6 moja kwa moja kana kwamba ruta haipo, na ngome ya ruta haisimami tena katikati. Mimi siishauri, isipokuwa kama ruta iliyo mbele yake ina ngome na umehakikisha imewashwa.

Na usikubali ushauri wa kuzuia ICMPv6 (ujumbe wa taarifa za mtandao) yote kwa jina la usalama. Kwenye IPv6, ruta za njiani hazikati pakiti kubwa. Zinarudisha ujumbe wa ICMPv6 kwamba pakiti haipiti, ipunguze. Ukiuzuia ujumbe huo, ukurasa unaanza kufunguka halafu unaganda katikati. Wenye laini za PPPoE (zinazoingia kwa jina la mtumiaji na nywila), ambako pakiti huishia baiti 1492 badala ya 1500, na wenye DS-Lite, ambako IPv4 hubaki na 1460, ndio huumia zaidi.

Ruta ya mtoa huduma

Ina sifa moja ambayo hakuna nyingine inayoishinda: inaijua laini yake. Iwe DS-Lite, MAP au 6rd, unachomeka na inafanya kazi. Kwa anayetaka intaneti tu, bila kufungua chochote kutoka nje, hii mara nyingi inatosha, na sioni sababu ya kununua nyingine kwa ajili ya IPv6 peke yake.

Udhaifu wake uko kwenye uhuru. Ngome nyingi za ruta hizi ni za swichi moja, nyingine zimefichwa kabisa, na masasisho yanakuja kwa ratiba ya mtoa huduma. Kabla hujaamua kuweka ruta yako nyuma yake, uliza kama inaweza kugeuzwa kuwa daraja, yaani ibaki modemu tu na ruta yako ipokee fungu moja kwa moja. Ikikubali, uwanja uko wazi. Ikikataa na pia haimegi fungu, ruta mpya itakupa Wi-Fi bora bila IPv6.

Ruta za 4G na 5G ni jamaa zake wa karibu, na zina kikwazo chao. Mtandao wa simu kwa kawaida hutoa /64 moja kwa kila muunganisho. Kwa hiyo mtandao mmoja unapata IPv6, na wa wageni haupati, hata ruta ikiwa ya hali ya juu. Mtu mwenye ruta yake nyuma ya kifaa cha 5G atahitaji inayoweza kuirefusha /64 hiyo badala ya kuigawa. OpenWrt ina hali ya kupokezana inayofanya hivyo, na ni miongoni mwa sababu chache zinazonifanya niitaje hata kwa wasio mafundi.

TP-Link Archer na ASUS

Kwa laini ya IPv4 na IPv6 sambamba, hizi ni chaguo la busara. Archer nyingi zina ukurasa wa IPv6 wenye njia za kawaida: anwani ya kudumu, ya kupewa, PPPoE, 6to4 na ile ya kupitisha. ASUS zina orodha ndefu zaidi, pamoja na 6rd na handaki la 6in4 (IPv6 kupitishwa ndani ya IPv4), na zina ukurasa wa ngome ya IPv6 unaokuruhusu kuorodhesha vifaa na poti za kufungua. Hapo ASUS inaizidi Archer ya kawaida, kwa kuwa kwenye Archer uwezo wa kufungua poti za IPv6 unategemea toleo. Kuna zenye sheria hizo na kuna zilizofunga vyote bila mlango wa dharura. Soma mwongozo wa toleo lilelile unalolinunua, hadi namba ya toleo la kifaa iliyo chini ya boksi, maana jina moja la ruta huweza kubeba vifaa viwili tofauti ndani.

Kwenye ASUS nyingi IPv6 huja ikiwa imezimwa. Watu hukaa nayo miaka wakidhani laini yao haina.

Kwa DS-Lite na MAP, usiinunue yoyote kati ya hizi kabla hujaona njia hiyo imetajwa kwa jina kwenye mwongozo.

Meshi zinazoendeshwa kwa simu

eero, Google Nest Wifi na Deco zimefanya jambo zuri: IPv6 ni swichi moja kwenye programu ya simu, na mtu asiyejua lolote kuhusu mafungu anaipata. Nyumba kubwa yenye kuta nene, laini ya njia sambamba, watu wanaotaka Wi-Fi ifike chumba cha mwisho: hizi zinakidhi.

Shida ni kwamba swichi moja haina pa kutazama inapogoma. Huoni fungu ulilopewa, au unaona nusu tu. Huwezi kuomba fungu la ukubwa fulani. Na njia za DS-Lite na MAP si mahali pa kuzitarajia. Kama ruta ya mtoa huduma inafanya kazi vizuri, mimi ningezitumia hizi kwa Wi-Fi peke yake, zikiwa katika hali ya daraja, na kazi ya anwani ningeiacha kwa ruta ya mbele. Mpangilio huo unakuepusha pia na NAT juu ya NAT kwa upande wa IPv4.

FRITZ!Box

Kwa mtu anayetaka IPv6 iliyokamilika bila kujifunza ufundi, hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza. Ukurasa wake wa IPv6 unakuonyesha DS-Lite, 6rd na njia sambamba kwa majina yake. Mtandao wa wageni unapata /64 yake fungu likitosha. Ngome imefungwa tangu mwanzo na unafungua kwa kifaa. Huduma yake ya MyFRITZ inakupa jina la kudumu linalofuata anwani ya IPv6 hata fungu likibadilika, kitu kinachowafaa sana walio kwenye DS-Lite wanaotaka kuifikia nyumba yao wakiwa safarini.

Inachokosa ni kuigawa nyumba katika mitandao mingi ya VLAN. Una mtandao wa familia na wa wageni, basi. Anayetaka kutenga kamera, taa na kompyuta ya kazi kila kimoja upande wake hataridhika. Pia imesanifiwa kwa aina mahususi za laini, kwa hiyo hakikisha unachukua toleo la laini yako: la kebo haliingii kwenye DSL, wala la DSL kwenye kebo.

MikroTik na OpenWrt

Zinatajwa pamoja mara nyingi, na zote zinakupa uwezo ambao ruta za juu hazina, ila tabia zao ni tofauti mno.

MikroTik inakuachia kila kitu, hata makosa. Kwenye RouterOS 6, IPv6 ilikuwa kifurushi cha pembeni kilichozimwa. Kuanzia toleo la 7 imo ndani. Unaomba fungu, unaliweka kwenye hazina, kisha unaamuru kila mtandao uchukue kipande chake. Kwa anayejua, ni raha. Sehemu ya hatari ni ngome: kifaa kipya cha nyumbani huja na sheria za IPv6 katika mipangilio ya mwanzo, lakini kifaa cha zamani kilichosasishwa kutoka toleo la 6 hubaki na mipangilio yake ya zamani, na sheria hizo huenda zisiwepo. Ukinunua MikroTik iliyotumika, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani ukiwa na toleo la 7 kabla ya kuiunganisha na laini, halafu utazame kwa macho yako kama ngome ya IPv6 ina sheria ndani.

OpenWrt inaanza upande wa usalama. Tangu toleo la 14.07 la mwaka 2014 inashughulikia IPv6 kwa ukamilifu bila wewe kuongeza chochote: inaomba fungu, inaugawia mtandao mkuu /60 likitosha, inafunga ngome, na inaacha zile ICMPv6 za lazima zipite. DS-Lite, MAP, 464XLAT, 6rd na 6in4 zinapatikana kama vifurushi vya kuongeza. Hakuna kundi jingine kati ya haya linalozijua njia zote hizo kwa pamoja, na kwa laini yenye njia ngeni hili ndilo kimbilio. Fundi anayewahudumia wateja wa watoa huduma mbalimbali akijifunza hii moja, amejifunza zote.

Gharama yake ni muda wako na uteuzi wa kifaa. Ruta za zamani zenye hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32 zimeachwa, kwa hiyo usidanganyike na ruta kuukuu eti utaifufua. Tafuta jina la kifaa chako kwenye orodha ya mradi, hadi toleo lake. Usipotaka kuhangaika, tangu mwishoni mwa 2024 upo OpenWrt One, uliotengenezwa kwa ajili ya mradi wenyewe ukiwa na gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Jambo la kuangalia ni kasi: kuifunga na kuifungua pakiti kwa DS-Lite au MAP mara nyingi ni kazi ya prosesa, haisaidiwi na saketi maalumu za kuharakisha. Laini ya gigabiti moja kwenye ruta yenye prosesa dhaifu itakuonyesha hilo mara moja.

Laini ikiwa haina IPv6 kabisa

Handaki la bure la Hurricane Electric linakupa fungu la /64, na /48 ukiliomba, na ruta za ASUS, MikroTik na OpenWrt zinaweza kulitumia. Linahitaji uwe na anwani yako ya IPv4 isiyo ya CGNAT, kwa hiyo wale wanaolihitaji zaidi ndio wasioweza kulitumia. Baadhi ya huduma za filamu hukataa wanaoingia kupitia mahandaki. Netflix ilianza kufanya hivyo mwaka 2016. Kwa kujifunza ni zuri sana. Kwa familia inayotaka kutazama filamu jioni, bora ungoje mtoa huduma aamke, na kwa sasa ununue ruta inayopata masasisho ili siku IPv6 itakapofika isiwe imeshatupwa na mtengenezaji.

Siku ya kwanza na ruta mpya

Ifanyie majaribio muda wa kuirudisha dukani ukiwa bado upo. Washa IPv6, zima ruta na kuiwasha, kisha ufungue test-ipv6.com kwa kompyuta na kwa simu ya Android, kila kimoja peke yake. Rudia kwenye mtandao wa wageni. Baada ya hapo ikate laini makusudi, iunganishe tena, na ujaribu mara moja bila kuzima vifaa: hapo utajua kama ruta inatangaza kifo cha fungu la zamani. Mwisho zima Wi-Fi kwenye simu, tumia data ya simu yenye IPv6, na ujaribu kuifikia kompyuta yako kwa anwani yake kamili. Ikijibu na hukuwa umefungua kitu, angalia ngome ya ruta kabla ya usiku huo kupita. Ikiwa haichuji chochote na hakuna pa kuiwasha, irudishe ruta hiyo kesho yake.